Barua Aliyojiandikia Mamle

Nilitunza stoo ya vipuri katika kiwanda cha makopo ya jodari pale Tema, Ghana, kwa miaka ishirini na mitatu. Mtu wa stoo huwajua watu kwa vitu wanavyoazima. Yupo anayetaka glavu mpya kila wiki, na ukimtazama mikono huoni hata mkwaruzo. Yupo anayerudisha bisibisi imepinda, halafu anakuuliza wewe nani kaipinda. Mamle Nartey alikuwa anaazima kitu, anakirudisha siku hiyohiyo kimefutwa mafuta, kisha anasimama dirishani mpaka anione nikiandika kwamba kimerudi. Nilikuwa nikimsifu kwa vijana wengine. Nikasema huyu binti ana nidhamu. Kumbe ilikuwa hofu, na mimi mwenyewe nilikuwa na kipande cha hofu hiyo kwenye daftari langu bila kujua.

Kaeni vizuri, nitaieleza taratibu.

Mamle alikuwa binti wa nne wa mama mmoja wa Odumase aliyehamia Ashaiman kuuza kenke, yale madonge ya unga wa mahindi uliochachuka. Dada zake watatu walijifunza kufunga kenke kwenye maganda ya mahindi kabla ya kujifunza kusoma. Yeye alikuwa akiungua vidole, basi wakamwacha asome. Akasoma mpaka chuo cha Kumasi, akatoka injinia wa mitambo, akaja kwetu kusimamia mashine namba tatu, ile inayofunga vifuniko vya makopo. Alikuwa na miaka ishirini na tisa wakati wa mambo haya. Mwembamba, mrefu, anacheka akiwa ameziba mdomo.

Kulikuwa na chuo kimoja Marekani chenye masomo ya namna yake: miaka miwili, shahada mbili kwa mpigo, moja ya uinjinia na moja ya biashara. Walikuwa wanataka watu wa viwandani, waliochafuka mikono. Mamle alipoyasikia hakupata tena utulivu. Mama yake alipoambiwa alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

“Digrii mbili? Moja tu imekukondesha hivi, ya pili si itakumaliza?”

Lakini shida haikuwa kukonda. Viti vilikuwa hamsini. Wageni, yaani dunia nzima ukiwatoa Wamarekani wenyewe, hawakuwahi kuzidi kumi. Mamle alikuwa kwenye kundi la simu la waombaji wa Ghana, Naijeria na kwingineko, na humo watu walipiga hesabu za nafasi zao kama mashabiki wanaohesabu mechi zilizobaki kwenye ligi. Mhindi wa kiwanda cha magari amepata alama hizi. Mchina wa betri amepata zile. Mwafrika mmoja aliingia mwaka juzi, mwaka jana hakuna. Na juu ya yote, faili la mtu lilisomwa na vyumba viwili. Chumba cha uinjinia kinasema lake, chumba cha biashara kinasema lake. Kimoja kikikataa, umekataliwa na vyote.

“Ni kama kuposwa na wajomba wa pande mbili,” aliniambia siku moja dirishani. “Upande mmoja unakupenda, mwingine unauliza mbona miguu yake mirefu.”

Chuo kilitaka barua ya bosi wake wa karibu. Bosi wake alikuwa Injinia Obuobi, mtu wa Koforidua, mpole, mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba, na anayekula chakula chake cha mchana akiwa amesimama. Mamle alikwenda ofisini kwake na fomu.

“Injinia, nimekuja kuomba barua.”

“Ya kuniacha?”

“Ya kujaribu tu, Injinia.”

Obuobi akaitazama fomu, akaona kurasa nne, akamrudishia. “Andika mwenyewe, lete nitie saini. Wewe unajijua kuliko ninavyokujua mimi.”

Msishangae. Kwetu ndivyo inavyofanyika, na hakuna anayeona vibaya. Bosi ana kazi, wewe ndiye mwenye shida, basi andika. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika barua ya mchungaji ya kumsifu mwanangu, na mchungaji akaisaini huku anakula fufu.

Kwa hiyo Mamle akaketi mezani kwa mama yake, katikati ya sufuria za kenke, akaanza kujisifu kwa sauti ya mwanamume wa miaka hamsini na sita. Kurasa tatu zilikwenda vizuri. Ya nne ilikuwa na swali moja tu: Eleza kosa kubwa uliloliona kwa mwombaji, na namna alivyolishughulikia.

Kwenye kundi la simu walikuwa wameshaonya. Usiandike kwamba unapenda kazi kupita kiasi, wale watu wanacheka. Usiandike kosa la kubuni, wananusa. Andika la kweli. Na Mamle alikuwa na moja tu la kweli.

Miaka miwili kabla ya hapo, asubuhi, alibadilisha roli za mashine namba tatu, vile vigurudumu vya kukunja vifuniko. Roli zikibadilishwa, lazima ukate makopo kadhaa na kupima mshono wa kifuniko kabla makopo mengine hayajatoka. Mshono ukiwa mwembamba hewa inaingia, samaki anaoza ndani ya kopo linalong'aa, na anayekula hajui mpaka yuko hospitali. Siku hiyo lori lilikuwa linasubiri, dereva anapiga honi. Mamle akajaza fomu kwamba amepima saa tatu. Hakupima. Alikuja kuazima kipimo kwangu saa tano, akapima, akaona mshono ni mwembamba. Paleti kumi na mbili za makopo zilikuwa zimeshapakiwa kwa toroli za mkono. Alikimbia mpaka getini na buti zake nzito, akamwambia Alidu mlinzi kwamba karatasi zimekosewa, lori likarudishwa. Makopo yote yakaharibiwa, naye akaandika kwamba yamegongwa na folklifti, ile gari ya kuinulia paleti. Hakuna aliyekula hata kopo moja. Na hakumwambia mtu.

Hiyo ndiyo aliyoiandika. Yote, kama ilivyokuwa, ila mwisho. Mwisho aliandika hivi, kwa sauti ya Obuobi: “Siku hiyohiyo alikuja ofisini kwangu akanieleza bila kuficha kitu.”

Baadaye aliniambia kwamba hakujiona akidanganya. Alikuwa akiandika jambo ambalo miguu yake ilitaka kulifanya siku ile ikashindwa.

Obuobi alitia saini Jumatano, barua ikiwa kwenye rundo la karatasi zake nyingine, na karani wake akaituma. Ikaisha. Au Mamle alidhani imeisha.

Mwezi wa kwanza chuo kikamwandikia. Amevuka mchujo wa kwanza, vyumba vyote viwili. Kwenye kundi la simu walipiga kelele siku nzima. Lakini barua pepe ilikuwa na aya ya pili: Jumanne ijayo, saa nane mchana kwa saa za Ghana, tutampigia simu mdhamini wako, kuzungumza naye juu ya mifano aliyoitoa katika barua yake.

Ilikuwa Alhamisi. Alikuja dirishani kwangu akaomba kipimo cha mshono. Nikampa. Akakishika, hakuondoka.

“Mzee Lawer.”

“Naam.”

“Haya madaftari yako ya zamani, huwa mnayatupa lini?”

“Hayatupwi, mwanangu. Yako pale juu tangu kiwanda kifunguliwe. Kwa nini?”

“Nilikuwa nauliza tu.”

Akanirudishia kipimo palepale, hajapima kitu. Nikamwuliza kama ana malaria. Akasema labda.

Fikirini alivyokuwa amebanwa. Jumanne mtu atamwuliza Obuobi habari za paleti kumi na mbili za makopo. Obuobi akisema sijui habari hiyo, Mamle ni mwongo mbele ya vyumba viwili, na jina lake limekwisha huko. Akisema ngoja nimwulize mwenyewe, basi amejua, na injinia aliyesaini kipimo ambacho hakupima hafukuzwi Tema peke yake. Habari inafika Takoradi kabla hujafunga begi. Na hakukuwa na namna ya kuirudisha barua.

Ijumaa alikwenda ofisini kwa Obuobi. Alifika mlangoni mara tatu. Mara ya tatu Obuobi akainua kichwa.

“Unataka kitu, au unapima mlango?”

“Nataka kuuliza, Injinia… grisi mpya. Tuanze kuitumia lini?”

“Tulianza Jumatatu. Wewe ndiye uliyeianza.”

“Ndiyo. Nilitaka kuhakikisha.”

Akatoka.

Jumamosi alikwenda saluni kwa dada yake Maku, anayemfuata kwa juu. Maku husuka nywele za watu huku akisuka na maisha yao. Alimketisha, akamsikiliza mpaka mwisho, akivuta nywele.

“Sasa hofu ya nini? Mtungie majibu. Mwandikie kwenye karatasi, akariri. Wakiuliza makopo, aseme ndiyo, alikuja, alilia kidogo, nikamsamehe.”

“Maku, yeye hajui habari za makopo.”

“Si ndiyo maana unamwandikia. Amesaini barua bila kusoma, atashindwa kusema maneno matatu?”

“Na akiniuliza?”

“Mwambie ni mfano. Si chuo? Vyuoni si kuna mifano?” Akamgonga kichwani kwa kitana. “Kaa wima. Umekuwa kama kuku aliyeona kisu.”

Wateja wawili wakacheka, na Mamle naye akacheka, mdomo ameuziba. Lakini Jumapili, baada ya kanisa, aliiandika ile karatasi. Maswali kumi na majibu yake. Jibu la saba lilikuwa la makopo.

Jumatatu aliingia ofisini kwa Obuobi saa nne, karatasi iko mfukoni mwa ovaroli. Safari hii hakusimama mlangoni, kwa sababu alijua akisimama hataingia. Akaiweka mezani.

“Injinia, kesho watakupigia wale watu wa chuo. Nimeona nikusaidie kidogo, usisumbuke.”

Obuobi akavaa miwani. Akasoma polepole, kidole chini ya kila mstari. Alipofika la saba kidole kikasimama.

“Hapa,” akasema. “Siku uliyokuja kunieleza. Ilikuwa siku gani?”

Mamle akataka kuivuta karatasi, Obuobi akaikandamiza kwa kidole.

“Nakuuliza kwa sababu wanaweza kuniuliza. Ilikuwa siku gani, na mimi nilikuwa nimekaa au nimesimama?”

Aliniambia alisikia mashine zote za ukumbini zikiendelea, na kila moja akaitambua kwa sauti yake, moja, mbili, tatu, nne. Kisha akasema:

“Sikuja, Injinia.”

“Hukuja.”

“Sikuja. Nilisaini sijapima. Nilirudisha lori. Niliandika folklifti.”

Obuobi akavua miwani. Akafungua mlango akamwambia karani wake: “Mwambie Lawer aje na daftari la mwaka juzi. Mwezi wa pili.”

Nilipanda na daftari kwapani, sijui naitiwa nini. Nikamkuta Mamle amesimama, mikono nyuma kama mtoto wa shule. Obuobi akaniambia nisome siku fulani. Nikasoma. Kipimo cha mshono, Nartey, kimetoka saa tano na dakika kumi. Na chini yake, kwa mkono wangu: betri ya folklifti, imeletwa chaji saa moja asubuhi, imechukuliwa saa kumi jioni.

“Basi siku ile folklifti haikutembea,” Obuobi akasema.

“Haikutembea,” nikasema. Miaka miwili nilikuwa nayo hiyo, na sikuwahi kuiona.

Mamle akaketi bila kuambiwa. Obuobi alikuwa akizungumza na dirisha zaidi kuliko na sisi.

“Mimi kila Ijumaa nasoma daftari la geti na la stoo. Wote mnajua, mnadhani natafuta wezi. Nikaona lori limerudi ndani bila sababu. Nikaona betri. Nikaenda mwenyewe kwenye yale makopo yaliyoharibiwa, nikakata mawili, nikapima. Nikajua Ijumaa ileile. Nikasema, samaki hawakutoka. Atakuja. Nikangoja Jumatatu. Nikangoja mwezi.”

“Kwa nini hukuniita, Injinia?”

Nilipomwangalia nikaona kwamba hata yeye anaogopa.

“Kwa sababu ningekuita ingebidi niandike. Ningeandika, wanunuzi wa Ulaya wangefunga ukumbi ule, na kuna wanawake mia moja na arobaini wanakata samaki pale. Kila siku niliyongoja, kosa lako lilizidi kuwa langu.” Akagusa ile karatasi. “Barua yako niliisoma, Mamle. Nilisoma kila neno. Nilipofika pale uliposema ulikuja, nikatia saini. Nikajiambia, basi anajua alichopaswa kufanya. Na nikaogopa kukuuliza.”

Tukakaa watu watatu wazima, hakuna anayemtazama mwenzake. Mwishowe Mamle akauliza, “Kesho utasema nini?”

“Sijui. Nenda kazini.”

Mimi sikulala vizuri, na wala haikuwa habari yangu. Mamle sijui kama alifumba jicho.

Jumanne sikuwapo ofisini. Nasimulia nilivyosimuliwa na wote wawili, na hawakutofautiana. Obuobi alimwita Mamle akae kiti cha pembeni. Saa nane na dakika mbili simu ikalia. Alikuwa mwanamke, mwenye adabu sana, na adabu ile ndiyo iliyomtisha Mamle zaidi. Akauliza habari za kawaida. Kisha akauliza, barua hii uliiandika mwenyewe?

“Hapana,” Obuobi akasema. “Aliiandika yeye, mimi nikaitia saini. Huku kwetu tunafanya hivyo. Nilijua fomu yenu haitaki, na nilisaini.”

Mamle alikuwa ameshika ukingo wa meza.

“Na lile tukio la makopo?”

“Ni kweli lilitokea. Ila kwamba alikuja kunieleza, siku alipoandika haikuwa kweli. Imekuwa kweli jana saa nne asubuhi.”

Yule mwanamke hakusema asante kwa ukweli wako, wala hakusema lolote la kumpa mtu pumzi. Alisema kwamba atalifikisha jambo hilo kwa kamati zote mbili, na kwamba Obuobi ana siku tano za kuandika barua yake mwenyewe, ambayo mwombaji hatakiwi kuiona. Simu ikakatika.

Obuobi aliandika siku tatu. Mtu anayekula amesimama alikaa siku tatu. Alikuja stoo kuniuliza tarehe, akaja tena kuniuliza nyingine. Alituma mwenyewe, baada ya kumtoa karani nje. Jumatatu alimchukua Mamle wakaenda wote wawili kwa mkuu wa ubora, wakaeleza. Ukumbi ulifungwa siku mbili, makopo ya mwezi mzima yakakatwa na kupimwa. Wanawake wa kukata samaki walirudi nyumbani wakimlaani mtu wasiyemjua, naye alipita katikati yao akiwasikia. Walifungua Alhamisi. Mamle alipewa barua ya onyo. Obuobi alinyang'anywa ruhusa ya kutoa mzigo kwa miezi mitatu.

Jibu la chuo lilikuja mwezi wa tatu, mchana, Mamle akiwa kwenye mashine. Alikuja nalo dirishani, akanipa simu nisome, kwa sababu macho yake yalikataa. Chumba cha uinjinia kilikuwa kimemkubali. Chumba cha biashara kilikuwa kimemkataa. Hakukuwa na sababu, ila mstari mmoja kwamba mwaka ujao anaweza kuomba tena.

“Wajomba wa upande mmoja,” nikasema.

Hakucheka. Akachukua kipimo, akaenda kupima.

Aliomba tena. Safari hii barua hakuiona kabisa, na hofu yake ikawa ya namna nyingine: kila Obuobi alipomsalimia, alikuwa akijiuliza mtu huyu ameandika nini juu yangu. Miezi minane alitembea hivyo. Wakamweka kwenye orodha ya kungoja. Mwezi wa sita, mtu fulani, wa nchi nisiyoijua, akaacha kiti chake, na kiti kikamfikia yeye. Kwenye kundi la simu walimwita mwenye bahati. Mama yake alifunga kenke za kumpa aende nazo, watu wa uwanja wa ndege wakazitoa zote begini.

Siku yake ya mwisho alirudisha kipimo, kimefutwa mafuta. Nikaandika. Akabaki amesimama.

“Kimerudi, mwanangu. Nimeandika.”

“Nimeona.” Akageuka kama anayeondoka, akarudi. “Mzee Lawer, alikwambia alichoandika?”

“Hakuniambia.”

“Na mimi naogopa kumwuliza.”

Sijui kama aliwahi kumwuliza. Ninachojua ni kwamba vijana bado wanakwenda kwa Injinia Obuobi na fomu zao, wa Kanada, wa Ujerumani, wa wapi. Anawaonyesha kiti.

“Kaa,” anasema. “Fomu weka chini, barua naandika mimi. Anza na ulichoharibu.”

Wengi husema watarudi kesho.